Mwaka wa Faranka Tano

Papa Gaspard tulimzika Jumanne iliyopita. Niliporudi kutoka makaburini nilivua viatu mlangoni, nikakaa jikoni bila kuwasha moto, nikagundua kwamba sasa nimebaki peke yangu na jambo ambalo tulikuwa tukilijua sisi wawili tu. Papa Donatien, rafiki yake, alitutangulia miaka sita iliyopita, kwa hiyo hakuna tena wa kuumizwa na maneno haya, wala wa kuyakanusha. Kwenye kilio, mjukuu mmoja wa Papa Gaspard alisimama akaeleza jinsi babu yake alivyokuwa mtu wa kusamehe, jinsi alivyompokea tena rafiki aliyemwita mwizi mbele ya waumini wote. Wazee waliitikia kwa vichwa. Na mimi niliitikia, kama nilivyozoea kufanya kila hadithi hiyo inaposimuliwa, na imesimuliwa mara nyingi sana katika mitaa yetu ya Katuba na Kampemba.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mjomba alinitoa Butembo akanileta Lubumbashi nisimamie depo yake ya vyombo pale Kampemba: masufuria, beseni, chupa za chai, mizani za dukani. Nilifika katika majira ya baridi, vumbi jekundu likiwa juu ya kila kitu, hata juu ya majani ya maparachichi. Kuuza hakukunishinda. Kilichonishinda ni jioni. Wateja walinicheka kwa upole kila nilipofungua mdomo, maana ugali mimi niliuita bugali na wao wanauita bukari, na Kiswahili changu cha Kivu kilinitangaza mgeni kabla sijataja jina. Mchana niliongea na watu mia, na nikifunga mlango wa depo nilikuwa sina hata mmoja. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mjane, Papa Donatien, aliyekuwa mchoraji wa ramani za reli kabla ya kustaafu. Watoto wake wawili walikuwa Ulaya, na simu zao zilikuja Krismasi. Chumba changu kilikuwa na kitanda, kiti kimoja, na mbabula, jiko la makaa, niliyoiweka nje chini ya dirisha. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa ndio ukuta wa chumba chake cha kulia, na ulikuwa mwembamba.

Ndivyo nilivyomfahamu kwanza, kwa sauti. Kila jioni nilimsikia akivuta kiti, akiweka sahani, kisha akisali sala ya chakula kwa sauti kubwa, akiwaombea "sisi wote tuliozunguka meza hii." Hapakuwa na mtu mwingine mezani. Baada ya sala nilisikia kijiko chake, kisha kimya, na baadaye mlio mdogo wa chuma kikiwekwa juu ya mbao, kimoja kimoja, kwa muda mrefu. Sikujua ni nini. Nilikuwa nikila upande wangu wa ukuta, sufuria ikiwa mapajani, na jioni moja alipomaliza kusali mdomo wangu ulisema "Amina" kabla sijafikiri. Upande wa pili kila kitu kilinyamaza. Kesho yake, Jumapili, nilipotoka ibadani nilimkuta amesimama mbele ya mlango wangu katika shati jeupe lililopigwa pasi.

"Mama, ni weye njo unaitikiaka amina?"

"Nisamehe, Papa. Haikuwa kusudi."

"Hapana kulomba musamaha. Muntu mwenye anaitika amina anafaa akule. Kuya."

Siku ile tulikula bukari na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki thomson aliyekaangwa mpaka mifupa ikatafunika. Tangu hapo Jumapili zangu zilikuwa na mahali pa kwenda. Ninapofikiria sasa, naona kwamba hatukuwa na mengi ya kuambiana. Yeye alizungumzia madaraja na mistari ya reli, mimi nilizungumzia bei ya chupa za chai. Lakini kulikuwa na vikombe viwili mezani, na nilikuwa nimesahau jinsi kikombe cha pili kinavyobadilisha chumba.

Mlio niliokuwa nikiusikia ulikuwa wa sarafu. Alikuwa mkusanyaji. Sarafu zake za fedha alizitia kila moja katika bahasha yake ndogo, na juu ya bahasha aliandika kwa herufi zile za mchoraji, nyembamba na zilizosimama wima. Alinionyesha faranka hamsini za wakati wa vita, zenye tembo, ambazo mafundi wa mjini walikuwa wakiziyeyusha kutengeneza pete. Alinifundisha kuzishika kwa ukingo. "Ku bukingo, mwana. Bidole biko na mafuta." Nilipotaka kuipangusa moja kwa kanga yangu alinizuia mkono. "Usiipanguse. Ule weusi njo miaka yake. Ukiutosha, inabakia kipande ya chuma." Nilimwuliza kwa nini bahasha nyingine ziko tupu, zimeandikwa tu: nusu faranka, faranka moja, faranka mbili. Hakujibu siku ile.

Alijibu wiki kadhaa baadaye, tukiwa tumemaliza kula. Alitoa kitambaa kilichokunjwa chini kabisa ya sanduku, akaniwekea mezani sarafu kubwa kuliko zote, iliyojaza kiganja changu. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mfalme wa Wabelgiji mwenye ndevu ndefu, upande mwingine simba wawili na taji. Zilikuwa faranka tano, za kabla nchi haijaitwa koloni, na Papa Donatien alisema waliowahi kuiona ya namna hii hapa Lubumbashi wanahesabika kwa mkono mmoja. Aliipata kwa rafiki yake Gaspard, mtengenezaji wa saa wa Katuba. Walikuwa wakikusanya pamoja tangu ujana wao. Gaspard alimpa hiyo moja, na yeye akampa zile ndogo zote, kazi ya miaka kumi na tano, ndiyo maana bahasha zilibaki tupu. Miezi michache baadaye aliipeleka sarafu kwenye zahanati fulani, akaomba waiweke juu ya mizani ya dawa. Ilipaswa kuwa na gramu ishirini na tano. Ilionyesha ishirini na mbili.

"Nilimuita mwizi mu lupango ya kanisa," alisema, yaani uani pa kanisa. "Misa ilikuwa imeisha, bantu bote biko pale. Bibi yake alikuwa amemushika mukono. Alisema, bwana yangu haina mwizi. Mi nikarudilia: mwizi. Hatukusemezana tena, miaka tisa sasa." Aliigeuza sarafu kwa ncha ya kidole. "Ule bibi alikufwa. Bananiletea habari ya kilio. Sikuenda."

Nilikuwa kijana, na nilikuwa na dawa ya jambo hilo katika depo yangu. Jumapili iliyofuata nilibeba mizani mpya ya umeme, ndogo, ile inayotumiwa na wauza dhahabu, pamoja na jiwe lake la uzani la kuijaribia. Nilidhani nitamfurahisha tu na kifaa kizuri. Papa Donatien aliiweka sarafu. Mizani ikaandika ishirini na nne na nukta tisa. Aliitoa, akaiweka tena. Ishirini na nne na nukta tisa.

"Mashini yako inadanganya."

Niliweka jiwe la kujaribia, likatoka sawasawa. Niliweka tena sarafu. Hakumaliza chakula chake. Alisema gramu si kila kitu, kwamba kuna mafundi wanaoweza kuiga hata uzito, na kwamba mimi ni muuzaji wa beseni. Baadaye aliniomba radhi kwa kusema hivyo. Lakini kwa wiki mbili kupitia ukutani sikusikia mlio wa sarafu hata moja, nilisikia hatua tu, kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi.

Ndipo akanipa wazo lake. Alikuwa na jarida la zamani la wakusanyaji, na humo alikuwa amesoma kwamba kuna kampuni Amerika ambayo watu huipelekea sarafu zao. Wataalamu wanaichunguza. Ikiwa ya uongo, wanairudisha hivyo hivyo. Ikiwa ya kweli, wanaipa namba kufuatana na hali yake, hadi sabini, na kuifunga katika kasha gumu la plastiki linaloonyesha pande zote mbili. Kampuni hiyo ilikuwa na wakala Johannesburg, na malori ya mjomba wangu yalienda Johannesburg kila mwezi.

"Natafuta bantu benye habatujue," aliniambia. "Habamujue Gaspard, habanijue mi. Base tu: iko ya kweli ao iko ya bongo."

Dereva wetu aliitwa Muhindo, mtu wa kwetu, mtulivu, asiyependa maswali. Aliichukua sarafu pamoja na barua na karatasi za forodha, akaondoka. Tulingoja zaidi ya miezi mitatu. Mvua zilianza, vumbi likawa tope, na nikazoea kusikia jambo jipya nyuma ya ukuta. Papa Donatien alikuwa akijifunza maneno. Jioni moja nilisikia: "Gaspard, ndugu yangu, nakuya mbele yako na haya." Kisha kiti kikivutwa. Jioni nyingine: "Gaspard, miaka tisa ulisema mi niko mubaya. Angalia hii karatasi." Alikuwa na hotuba mbili, na alizifanyia mazoezi kwa zamu kwa sababu hakujua ni ipi atakayoihitaji. Nilicheka peke yangu mara ya kwanza. Mara ya tatu sikucheka, maana nilitambua kwamba ile ya hasira ilikuwa inazidi kuwa fupi, na ile ya haya inazidi kurefuka.

Muhindo alipiga simu akiwa Kasumbalesa, upande wetu wa mpaka, amekwama kwenye foleni ya malori kwa siku nne. Alisema kitu cha mzee kiko naye. Sikuweza kungoja. Niliacha depo kwa jirani, nikapanda gari asubuhi, nikamkuta akichemsha chai kando ya gurudumu. Nilipanda ndani ya lori, naye akatoa bahasha nyuma ya kiti. Kasha lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea, limefungwa bila mshono wowote wa kufungulia. Mfalme alikuwa ndani na ndevu zake, na juu yake karatasi ndogo nyeupe: jina la nchi ya zamani, faranka tano, mwaka, na namba hamsini na tatu.

"Ni ya kweli?" nilimwuliza.

"Yule mama wa Johannesburg nilimwuliza mara mbili," Muhindo alisema. "Ya uongo hawafungi."

Nilipaswa kurudi moja kwa moja Kampemba. Lakini njiani nilianza kumwogopea mzee wangu. Nilimwona amevaa shati jeupe, amesimama mlangoni kwa Gaspard na ile hotuba yake ya haya, na Gaspard akimfungia mlango. Nikajiambia nitapita kwanza Katuba, nimwandae huyo mtu, nimwombe ampokee vizuri. Niliuliza nyumba ya mtengenezaji wa saa na kila mtu aliijua. Papa Gaspard alikuwa ameketi kwenye meza karibu na dirisha, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni, saa kama thelathini zikining'inia ukutani kila moja na wakati wake. Nyumba ilijaa watoto na wake wa watoto. Nilijitambulisha, nikasema ninakaa kwa Papa Donatien, na kabla hajasema lolote nikaweka kasha mbele yake na kumwambia ni ya kweli, wataalamu wamethibitisha, na kwamba mzee anataka kuja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, au kwa furaha ya mtu aliyesafishwa jina. Hakuonyesha hata moja. Alitoa kioo jichoni.

"Ya kweli?"

"Ndiyo, Papa."

"Bale bazungu bameangalia muzuri?"

"Wameangalia."

Alimtuma mkwewe akatafute maji ya baridi kwa jirani, akawafukuza watoto uani, akafunga mlango. Kisha akakaa, mikono yake miwili juu ya kasha.

"Mi nilijua iko ya bongo," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, polepole, kwa sababu alijua mimi si wa huku. Mtu aliyemuuzia sarafu ile alirudi baadaye kumcheka, akamwambia kwamba alimlaghai, kwamba kuna fundi aliyeyeyusha chuma akakimimina kwenye kalibu ya udongo. Mtengenezaji wa saa mzima, mwenye kujua chuma, akaona haya hata kumwambia mkewe. Akataka tu itoke mikononi mwake. "Donatien alikuwa anaitamania siku mingi. Nikamupa." Na yule muuzaji, kumbe, naye hakujua alichokuwa nacho.

"Na Papa Donatien alipokuita mwizi?"

"Nilikatala. Bibi yangu alinisimamia mbele ya bantu. Ningesema nini tena?" Alivuta droo, akanionyesha mkebe uliofungwa kwa uzi. Zilikuwa zile sarafu ndogo, zote. Hakuuza hata moja, na tangu mkewe afariki hakuufungua mkebe. "Alikufwa anajua bwana yake haina mwizi. Mwana, usimuambie Donatien."

Mkwewe aliingia na maji. Niliyanywa. Sikumwahidi kitu, na yeye hakuniomba mara ya pili.

Nilimkuta Papa Donatien ameandaa meza, ingawa haikuwa Jumapili. Muhindo alikuwa amenipigia kuuliza kama nimefika, asinipate, akapiga kwa mzee, hivyo mzee alijua ninakuja na kitu. Nilimpa kasha. Alisoma, akanipa nimsomee, akachukua tena. Aliligeuza akamtazama simba mmoja, kisha wa pili. "Basi," alisema, "ni mi njo nilikuwa mubaya." Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nimeirudia dakika ile kwa miaka mingi, nikiwa deponi, nikiwa ibadani, nikiwa na watoto wangu mwenyewe. Ningeweza kumwambia kwamba alikosea kuhusu chuma na hakukosea kuhusu mtu. Lakini nilimwona tayari ameanza kuinuka moyoni kwenda Katuba, na nilikuwa msichana niliyejua jioni za kukaa bila mtu, nikiamini kwamba watu wawili wakirudiana, haijalishi kwa njia gani, ni jambo jema. Nikasema, "Papa, chakula kinapoa."

Tulikwenda Jumapili. Watoto wa Papa Gaspard walikuwa wamesimama ukutani kama kwenye picha. Papa Donatien hakutumia hotuba yoyote kati ya zile mbili. Alisema tu, "Gaspard, sikukuya ku kilio ya bibi yako," akaanza kuinama. Papa Gaspard alimshika mabega asipige magoti. Juu ya bega la rafiki yake alinitazama mimi. Nilitazama saa za ukutani. "Tuache ile maneno," alisema. Kisha alivuta droo, akatoa mkebe na kumwekea mikononi, nikaona kwamba alikuwa anajaribu, kwa namna yake, kulipa bila kusema. Papa Donatien aliusukuma nyuma huku machozi yakimtoka. "Hapana. Biko byako. Ulinipatia kitu ya kweli." Watoto walilia. Papa Gaspard alibaki na mkebe, hajui pa kuuweka.

Tangu siku hiyo alikuja Kampemba kila Jumapili, kwa basi, na nyama iliyofungwa kwenye gazeti. Nilialikwa pia, mwanzoni. Lakini nikiwa mezani Papa Gaspard hakuweza kumeza, kila mara alinyamaza katikati ya neno, na Papa Donatien akadhani rafiki yake hapendi kula mbele ya wanawake wageni. Alinieleza hilo kwa aibu nyingi. Nikasema ninaelewa. Nikarudi kwenye kiti changu kimoja. Kupitia ukutani nilisikia sala, na sasa zilikuwa sauti mbili, na amina ilitoka huko huko. Nilisikia wakicheka mambo ya ujana wao. Na karibu kila Jumapili, kabla ya mwisho, nilisikia Papa Donatien akirudi palepale, akiomba tena radhi kwa ajili ya kilio ambacho hakwenda, na Papa Gaspard akimwambia aache. Kabla ya kuondoka Papa Gaspard alizunguka nyuma na sahani yangu iliyofunikwa.

"Ulimuambia?" aliniuliza mara moja, macho yake yakiwa kwenye sahani.

"Hapana, Papa."

"Na mi siwezi," alisema, akaenda zake.

Ilikuwa nyama nzuri, iliyopikwa na mtu anayejua. Niliila nimesimama.

Baridi iliporudi nilitafuta chumba kingine, karibu zaidi na depo, nikatoa hiyo kuwa sababu. Papa Donatien alinisaidia kupakia. Hakutaka kijana yeyote aguse godoro, akalibeba mwenyewe kichwani hadi kwenye gari dogo la mizigo, akalifunga kwa kamba na kuivuta mara tatu. Kisha akasimama upande wangu wa mlango, mkono juu ya dirisha.

"Mwana, nilikukosea nini?"

"Hakuna, Papa."

"Muntu hahame bure. Pengine nilisema neno moja, sikulisikia. Mi niko muntu wa kukosea bantu, sasa najua." Alingoja. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari. "Kama nilikukosea, unisamehe."

Nilimtazama, na nikafanya alichofanya Gaspard.

"Nimekusamehe, Papa," nikamwambia.

Akanishukuru, akaenda kutufungulia lango.